Ruhr: Miaka Sitini ya Kuyaaga Makaa

Mwezi Februari 1958, wachimbaji wa makaa ya mawe wa bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, walianza kupewa taarifa ambayo vijana wao hawakuwahi kuisikia: zamu ya kesho imefutwa, bakini nyumbani, na siku hiyo hailipwi. Makaa yalikuwa yamerundikana viwanjani bila wanunuzi. Habari hiyo iliwashangaza, kwa sababu mwaka mmoja tu nyuma migodi ya Ujerumani Magharibi ilikuwa imeajiri watu wapatao 600,000 na kutoa karibu tani milioni 150, na makampuni yalikuwa bado yanatafuta vijana wa kushuka shimoni mpaka Italia. Wengi walidhani ni upepo tu, utapita. Kumbe kazi ya kufunga ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na ingechukua miaka sitini, hadi Desemba 21, 2018, mgodi wa mwisho ulipopandisha juu bonge lake la mwisho la makaa mjini Bottrop.

Kuna nchi za Ulaya zilizofunga migodi yao kwa pupa, na zipo zilizoifunga kwa rungu la polisi. Ujerumani Magharibi ilichagua mwendo wa pole. Hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, serikali, makampuni na chama cha wafanyakazi walikubaliana kwamba mchimbaji hatatupwa nje na kuachwa mikono mitupu, na ahadi hiyo ililipiwa mabilioni kwa mabilioni ya fedha za umma. Ilitimizwa. Ila sera iliyomtazama mchimbaji kwa makini kiasi hicho ilichelewa mno kuutazama mji wake, na ikamsahau kabisa mtoto aliyezaliwa wakati geti la mgodi limekwisha fungwa. Ndiyo maana historia ya Ruhr inawahusu wote wanaobishana leo juu ya pensheni, ruzuku na ajira barani humo.

Makaa ya Ruhr hayakulala sawasawa ardhini. Upande wa kusini, karibu na Witten, matabaka yake yalichomoza kwenye kingo za mto, na watu waliyachimba kwa sururu na koleo karne baada ya karne. Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo matabaka yanavyozama, yakiwa yamefunikwa na udongo mgumu wenye chokaa ambao kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuupenya. Katika miaka ya 1830 mfanyabiashara Franz Haniel alifaulu kuutoboa karibu na Essen, na tangu hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Mashimo yalikwenda chini mita mia, mia mbili, baadaye zaidi ya elfu moja, huku pampu zikinyonya maji usiku na mchana. Kila mgodi mpya ulisogea kaskazini zaidi ya uliotangulia, na nyumba zikaufuata. Gelsenkirchen, kilichokuwa kijiji kidogo chenye kanisa na mashamba, kiligeuka jiji katika muda wa kizazi kimoja au viwili.

Watu wa kuyajaza majiji hayo walitoka mashariki: Prussia Mashariki, Posen, Silesia. Wengi walizungumza Kipolandi ingawa walikuwa raia wa Prussia, na walidharauliwa kwa lugha yao na majina yao. Klabu ya soka ya Schalke 04, iliyoanzishwa na vijana wa Gelsenkirchen mwaka 1904, iliitwa klabu ya Wapolandi kwa kejeli. Nyota wake wakubwa wa miaka ya 1930, Ernst Kuzorra na Fritz Szepan, walikuwa watoto wa wahamiaji waliotoka Masuria, huko Prussia Mashariki, nao waliiletea Ruhr ubingwa wa taifa mara kadhaa. Kufikia mwaka 1913 bonde hilo lilikuwa na wachimbaji karibu 400,000 na lilitoa tani milioni 114 kwa mwaka.

Siku ya mchimbaji ilianza na kwisha katika ukumbi wa kubadilishia nguo. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye dari ya juu sana, na kutoka darini zilining'inia nguo za mamia ya watu, kila mmoja na kulabu yake. Mtu aliingia, akafungua kufuli, akashusha mnyororo wake, akavua nguo za nyumbani na kuvaa za kazini; kisha akavuta mnyororo, nguo safi zikapaa juu, akafunga. Baada ya zamu alirudi mweusi tii utosi hadi unyayo. Chini ya mabomba ya maji walisimama mistari mistari, kila mmoja akimsugua mwenzake mgongo, kwa kuwa mgongo wake mwenyewe mtu haufikii. Aliyekusugua mgongo leo huenda alikuwa Mjerumani, au Mpolandi. Baadaye angeweza kuwa Mturuki au Mkorea. Baada ya kazi wengi walikwenda kuwaona njiwa wao, waliowafuga kwenye vibanda vya darini kwa ajili ya mashindano ya Jumapili, au walisimama kwenye kioski cha mtaani kunywa bia.

Shimoni kifo kilikuwa jirani. Machi 10, 1906, mlipuko wa vumbi la makaa huko Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, uliua watu 1,099, na waokoaji kutoka migodi ya Herne na Gelsenkirchen walivuka mpaka na vifaa vyao vya kupumulia kwenda kuwatafuta wenzao wa Kifaransa. Kitendo hicho kilikumbukwa kwa miaka mingi katika nchi mbili zilizokuwa hazipendani. Februari 20, 1946, zamu ya Ruhr yenyewe ilifika: watu 405 walikufa katika mgodi wa Grimberg huko Bergkamen. Na waliosalimika na milipuko, wengi walimalizwa polepole na vumbi la mawe lililoganda mapafuni, wakikohoa mpaka siku ya mwisho.

Watu wa kazi ya namna hii walijifunza mapema kwamba asiyechangia hana wa kumlilia. Hati ya mwaka 1260 kutoka Goslar, kwenye milima ya Harz, tayari inautaja udugu wa wachimbaji uliowasaidia wagonjwa na maskini wao. Kila mmoja alitoa kidogo; mwenzao akiumia alitunzwa, akifa mjane wake na mayatima hawakuachwa. Kwa Mswahili huu ni mfuko wa kufa na kuzikana, tofauti ni kwamba Prussia iliugeuza kuwa sheria: mwaka 1854 kila mgodi ulilazimishwa kuwa chini ya mfuko wa aina hiyo, mwajiri na mfanyakazi wakichanga wote wawili. Kansela Otto von Bismarck alipoleta bima ya afya mwaka 1883 na bima ya ajali kazini mwaka 1884, hakuanzia hewani. Mfano ulikuwepo shimoni.

Lakini bima haikuwanyamazisha. Mei 1889 wachimbaji wapatao 90,000 wa Ruhr waligoma, wakidai nyongeza ya mshahara na zamu ya saa nane ikihesabiwa pamoja na muda wa kushuka na kupanda. Jeshi liliitwa, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Mei 14 wachimbaji watatu, Schröder, Bunte na Siegel, walisimama mbele ya Kaiser Wilhelm II mjini Berlin kueleza shida zao. Aliwasikiliza kwa dakika chache na kuwaonya kwamba akiona mkono wa wanasoshalisti hatakuwa na huruma. Mwezi huohuo Bunge la Berlin lilipitisha sheria ya pensheni ya uzee na ulemavu, ya kwanza ya aina yake katika nchi kubwa. Umri wa kuipata ulikuwa miaka 70, umri ambao wachimbaji wachache sana waliufikia. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916, katikati ya vita.

Vita viwili vilifuata, na katika vyote viwili makaa ya Ruhr yalikuwa baraka kwa watawala na laana kwa wenyeji. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bondeni kuchukua kwa nguvu fidia ya vita. Wachimbaji waligoma, serikali ya Berlin ikawalipa kwa kuchapa noti, na sarafu ya Ujerumani ikafa. Katika Vita vya Pili maelfu ya wafungwa na watu waliotekwa kutoka Ulaya Mashariki walilazimishwa kufanya kazi migodini humo, na wengi hawakurudi kwao.

Kilichotoka kwenye majivu hayo kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Mei 9, 1950, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipendekeza makaa na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, ili vita kati yao visiwezekane hata kwa anayevitaka. Mkataba wa Paris wa Aprili 1951 uliunganisha nchi sita katika Jumuiya ya Makaa na Chuma, na Jean Monnet akawa mkuu wake wa kwanza huko Luxembourg. Umoja wa Ulaya wa leo ulizaliwa humo. Mkataba ulikuwa na kifungu cha kusaidia wafanyakazi ambao mabadiliko ya soko yangewapokonya kazi: posho ya kipindi cha kusubiri, mafunzo mapya, gharama za kuhama. Waandishi wake walijua kwamba soko la pamoja litawaumiza baadhi ya watu, wakaandika hivyo tangu mwanzo. Ni bahati mbaya kwamba mikataba mingi iliyofuata haikuwa na uaminifu wa kiwango hicho.

Mwaka huohuo wa 1951, baada ya zaidi ya asilimia 90 ya wachimbaji kupiga kura ya kuwa tayari kugoma, Bunge la Ujerumani Magharibi mjini Bonn lilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa makaa na chuma nusu ya viti katika bodi za usimamizi za makampuni. Mkurugenzi anayeshughulikia wafanyakazi hakuweza kuteuliwa ikiwa wajumbe wao wamemkataa. Basi mgogoro ulipoingia miaka saba baadaye, wachimbaji hawakuwa nje ya geti wakipiga kelele. Walikuwa ndani, mezani, na vitabu vya hesabu mbele yao.

Mgogoro wenyewe uliletwa na meli. Makaa ya Marekani, yaliyochimbwa karibu na uso wa ardhi kwa mashine kubwa, yalifika Hamburg kwa bei ambayo mgodi wa mita 800 kwenda chini haungeweza kushindana nayo. Nyuma yake yakaja mafuta, na familia zikaanza kung'oa majiko ya makaa sebuleni. Kufikia 1959 zaidi ya tani milioni 10 zilikuwa zimelala viwanjani. Septemba 26 mwaka huo wachimbaji wapatao 60,000 waliandamana Bonn kimya kimya, wakiwa na bendera nyeusi.

Katika miaka kumi iliyofuata zaidi ya nusu ya ajira za makaa zilipotea, na hapakuwa na machafuko. Sababu haikuwa hekima ya viongozi pekee. Ujerumani Magharibi ya wakati huo ilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia moja kwa miaka kadhaa. Mjini Bochum kampuni ya Opel ilifungua kiwanda cha magari mwaka 1962 juu ya ardhi ya mgodi uliofungwa wa Dannenbaum, na wachimbaji wengi wakavua kofia za shimoni, wakavaa ovaroli za kiwandani. Jambo la ajabu, wakati migodi ikifungwa, migodi hiyohiyo iliendelea kuita wageni, kwa kuwa vijana wa Kijerumani walikwisha kuikimbia. Mkataba wa kuleta wafanyakazi ulitiwa saini na Italia mwaka 1955, na Uturuki mwaka 1961, na Moroko mwaka 1963. Kutoka Korea Kusini walikuja wachimbaji karibu 8,000 kuanzia 1963. Rais Park Chung-hee alipowatembelea huko Hamborn, Duisburg, Desemba 1964, alikuta vijana wasomi waliokubali kushuka shimoni ili familia zao nyumbani zile. Novemba 1973 mlango wa kuajiri wageni ulifungwa. Waliokuwa ndani hawakuondoka kama ilivyotarajiwa. Waliita wake zao na watoto wao, na mitaa kama Marxloh, mjini Duisburg, ikawa kwao.

Pia palikuwa na kosa lililofanywa makusudi. Makampuni ya migodi yalimiliki sehemu kubwa ya ardhi ya Ruhr, na kwa miaka mingi yalikataa kuiuza kwa viwanda vipya. Yaliogopa kunyang'anywa wafanyakazi na kupandishiwa mishahara. Kwa hiyo katika muongo ambao waajiri wapya walikuwa wengi na wenye fedha, wengi wao waligonga mlango wa Ruhr, hawakufunguliwa, wakaenda kusini. Jimbo la Nordrhein-Westfalen lilianzisha mfuko wa kununua ardhi hizo na kuzisafisha kuanzia mwaka 1980, wakati uchumi umekwisha kupoa na wawekezaji wamekwisha kupata kwao pengine. Katika historia yote ya kufunga migodi hii, hakuna jambo lililowagharimu watoto wa Ruhr kuliko hilo.

Mwaka 1968, baada ya mdororo wa uchumi na bendera nyeusi kurudi mitaani, waziri wa uchumi Karl Schiller alisukuma migodi iunganishwe. Novemba mwaka huo ikazaliwa kampuni ya Ruhrkohle, yenye migodi zaidi ya 50 na wafanyakazi zaidi ya 180,000. Tangu hapo utaratibu wa kufunga ukawa kama ratiba ya treni. Mgodi ukifungwa, vijana walihamishiwa mgodi mwingine, na wapo waliohama mitatu au minne kabla ya kustaafu. Wengine walifundishwa ufundi umeme, udereva au uuguzi. Wakubwa, waliokuwa na umri wa miaka 50 na zaidi, walilipwa posho ya mpito, iliyoanza mwaka 1972, iliyowavusha hadi siku ya pensheni kamili. Baba aliyestaafu na miaka 52 alikuwa na nyumba yake, njiwa wake, makaa ya bure ya kuotea moto, na heshima yake. Anayeona ni anasa na afikirie mapafu yake.

Linganisha na Uingereza. Machi 1984 serikali ya Margaret Thatcher na chama cha wachimbaji chini ya Arthur Scargill waliingia katika mgomo uliodumu karibu mwaka mzima, na polisi wa farasi waliwakanyaga watu huko Orgreave. Wachimbaji walishindwa. Migodi iliyokuwa 170 hivi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na miaka kumi baadaye ilikuwa imebaki michache tu. Maelfu waliishia kwenye posho ya ugonjwa, na vijiji vya Yorkshire na Wales Kusini vilibaki na uchungu ambao wajukuu wanauhisi hadi leo. Gharama ambayo serikali ilidhani imeiepuka, iliilipa kupitia mlango wa ustawi wa jamii.

Uholanzi nayo ilifuata njia ya tatu, isiyozungumzwa sana. Desemba 17, 1965, waziri wa uchumi Joop den Uyl alikwenda mwenyewe hadi Heerlen, katikati ya Limburg ya makaa, akapanda jukwaa la ukumbi wa michezo ya kuigiza wa mji na kuwaambia wenyeji uso kwa uso kwamba migodi yote itafungwa. Hakwenda mikono mitupu. Aliahidi kazi mbadala kabla ya kufungwa, na serikali ikavuta kiwanda cha magari cha DAF hadi Born, ikahamisha mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma na sehemu ya ofisi ya takwimu kwenda Heerlen, na mwaka 1976 ikaanzisha chuo kikuu Maastricht. Mgodi wa mwisho ulifungwa Desemba 1974. Heerlen haikuepuka mateso. Ukosefu wa kazi na heroini viliuumiza mji huo vibaya. Hata hivyo, mtu aliyefikiria kupeleka ofisi za serikali mahali mgodi ulipokuwa alikuwa ameelewa kwamba mji nao una haki.

Ruhr ilijaribu jambo kama hilo kwa elimu, na hapo inastahili sifa. Chuo kikuu cha zamani cha Duisburg kilifungwa mwaka 1818, na kwa karibu miaka 150 eneo lenye mamilioni ya watu halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Prussia ilitaka mikono yao. Bochum ilifungua chuo chake mwaka 1965, Dortmund ikafuata mwaka 1968, kisha Essen, Duisburg na Hagen, na leo wanafunzi wa bonde hilo wanazidi 200,000. Watoto wengi wa wachimbaji walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuingia darasani humo. Tatizo ni kwamba wengi walipohitimu walipanda treni kwenda kufanya kazi Düsseldorf, Frankfurt au München.

Wakati huohuo gharama za makaa zilipanda. Kuanzia 1975 kila mwenye umeme nchini alilipa tozo ndani ya bili yake ili kuinusuru migodi, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoikataa tozo hiyo mwaka 1994. Katika miaka hiyo makaa ya Ruhr yaligharimu mara tatu hivi ya bei ya soko la dunia. Februari 14, 1997, serikali ya Helmut Kohl ilipotaka kuipunguza ruzuku kwa ghafla, watu wapatao 220,000 walishikana mikono kutoka Neukirchen-Vluyn hadi Lünen, kilomita 93, wachimbaji na wake zao, wanafunzi, mapadri, wenye maduka. Mwezi uliofuata maelfu waliizingira Bonn. Makubaliano yaliyopatikana yalipunguza ruzuku hatua kwa hatua, na wafanyakazi wakapungua kutoka 85,000 hivi hadi chini ya 40,000 katika miaka minane, tena bila kufukuzana. Mwaka 2007 ikaamuliwa kwamba mwisho ni 2018, na ukaundwa mfuko maalumu wa kulipia madeni ya milele.

Ni ya milele kweli. Ardhi iliyochimbwa chini kwa miaka mia na hamsini imezama, mahali pengine zaidi ya mita 20, kiasi kwamba mito haitiririki tena inakotakiwa. Pampu zikizimwa, sehemu kubwa ya miji ya Ruhr itakuwa ziwa. Kuyadhibiti maji hayo kunagharimu zaidi ya euro milioni 200 kila mwaka, bila tarehe ya mwisho. Mto Emscher, uliokuwa ukibeba kinyesi cha miji yote wazi wazi kwa sababu mabomba ya chini yangevunjwa na ardhi inayozama, ulianza kusafishwa mwaka 1992. Kazi hiyo ilimeza zaidi ya euro bilioni 5, ikachimbwa mifereji ya chini ya ardhi, na tangu mwishoni mwa 2021 maji machafu hayaingii tena mtoni. Samaki wamerudi. Mgodi wa Zollverein wa Essen, uliofungwa Desemba 1986, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na wageni hupanda ngazi zake kutazama mashine zilizonyamaza.

Utalii, hata hivyo, haukuajiri watu wote. Opel ya Bochum, iliyowahi kuwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000, ilifungwa Desemba 2014. Nokia ilikuwa imekwisha ondoka mjini humo mwaka 2008 kuhamia Romania, ikiacha watu zaidi ya 2,000 bila kazi. Migodi ndiyo iliyokuwa ikiwafundisha vijana ufundi wa chuma, umeme na mitambo; kila posho ya mpito iliyolipwa kwa heshima kwa mzee ilikuwa pia nafasi moja ya mwanagenzi iliyofutwa. Gelsenkirchen ilikuwa na karibu watu 390,000 mwishoni mwa miaka ya 1950, sasa wako kama 260,000. Ukosefu wa ajira humo umekuwa zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa, na takriban watoto wanne kati ya kumi wanakulia katika kaya zinazoishi kwa msaada wa serikali. Baadhi yao ni wajukuu wa watu walioitwa kwa mkataba kuja kuchimba. Oberhausen, si mbali na hapo, ilijikuta inakopa benki ili kuchangia ujenzi mpya wa Ujerumani Mashariki, huku mabwawa yake ya kuogelea yakifungwa kwa kukosa fedha.

Na huko mashariki kulikuwa na wachimbaji pia. Katika Lausitz, mpakani na Poland, makaa ya kahawia yaliajiri watu zaidi ya 70,000 wakati Ukuta wa Berlin unaanguka. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamebaki chini ya 10,000. Wale wa magharibi walipewa miaka sitini, wale wa mashariki walipewa kumi, ndani ya nchi moja na chini ya katiba moja. Haiwezekani kuelewa hasira ya kisiasa ya eneo hilo leo bila kuiweka hesabu hiyo mezani.

Ujerumani ilipopitisha sheria ya mwaka 2020 ya kuachana na makaa yote kufikia 2038, iliambatanisha sheria nyingine ya hadi euro bilioni 40 kwa ajili ya maeneo yenyewe: reli, vituo vya utafiti, ofisi za serikali. Mjini Cottbus, katikati ya Lausitz, shirika la reli lilifungua karakana mpya ya treni Januari 2024, iliyopangiwa kuajiri watu 1,200 itakapokamilika, na mwaka huohuo mji ukapata chuo kikuu cha tiba. Mitambo mikubwa ya umeme wa makaa huko bado inafanya kazi, na wanagenzi wa karakana wameanza kupokewa kabla mitambo hiyo haijazimwa.